Daku, Posho na Zamu ya Usiku: Historia ya Dhana Inayotafuta Jina

Miongoni mwa dhana za tiba ambazo bado hufasiriwa na kila mtu kwa namna yake, imo moja ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana nyepesi mno kuhitaji mjadala. Ni hali ya mtu ambaye asubuhi hana hamu ya chakula na mchana hula kwa shida, lakini chakula cha jioni kikishaliwa ndipo hamu humjia, akala na kula tena mpaka usiku wa manane. Akilala huamka, na akiamka huona hakika kwamba usingizi hautamrudia mpaka atie kitu kinywani. Madaktari wa Marekani waliipa hali hiyo jina mwaka 1955. Jina lao lina maneno matatu tu, na mfasiri mwenye haraka ataandika "sindromu ya kula usiku" kisha aendelee na ukurasa unaofuata.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini mfasiri huyo hana budi kurudi nyuma. Mifano yetu mingi itatoka Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, mahali ambapo historia ya kazi, ya njaa na ya hofu imeyapa maneno "kula" na "usiku" uzito ambao orodha ya istilahi haiwezi kuupuuza.

Yafaa kwanza tujue dhana yenyewe ilivyozaliwa. Albert Stunkard, daktari wa maradhi ya akili, alikuwa akiwashughulikia watu wanene waliokuwa wameshindwa kupunguza uzito kwa njia za kawaida. Yeye na wenzake wawili waliona kwamba baadhi ya wagonjwa hao walikuwa na mambo matatu yanayoandamana: kukosa hamu ya kula asubuhi, kula robo au zaidi ya chakula cha siku nzima baada ya mlo wa jioni, na kukosa usingizi. Aliona pia kwamba hali hiyo hushika zaidi mtu anapokuwa katika dhiki, na hupungua dhiki inapopungua. Kwa muda mrefu baadaye wataalamu wachache tu waliifuatilia. Mwaka 1999 utafiti wa Wanorwei na Wamarekani, ambao Stunkard mwenyewe alishiriki, ulionyesha kwamba homoni mbili, melatonini na leptini, hazipandi usiku kwa wagonjwa hao kama zipandavyo kwa watu wengine. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha vigezo vya utambuzi, na mwaka 2013 hali hiyo ikatajwa katika toleo la tano la mwongozo wa maradhi ya akili wa Wamarekani, chini ya matatizo ya ulaji.

Vigezo hivyo ndivyo vitakavyotuongoza, kwa hiyo tuvitazame vizuri. Mgonjwa hula sehemu kubwa ya chakula chake baada ya mlo wa jioni, au huamka usiku na kula walau mara mbili kwa juma, na jambo hilo hudumu muda wa miezi mitatu au zaidi. Anajua kwamba anakula na asubuhi anakumbuka. Hali hiyo humsumbua au humharibia shughuli zake. Tena kuna sharti ambalo wafasiri hulipita upesi: isiwe kwamba ulaji huo unaelezeka kwa maradhi mengine, wala kwa mabadiliko ya saa za kulala na kuamka, wala kwa desturi za jamii. Maneno haya ya mwisho ni machache, lakini kwetu sisi ndiyo kiini cha jambo. Yanamtaka anayetoa jina aijue jamii kwanza.

Na jamii yetu husemaje? Hapa ndipo "kula usiku" inapokwama. Kiingereza huigawa siku kwa namna ambayo jioni ni kipindi kirefu, na usiku huanza watu wanapokwenda kulala. Kiswahili hakifanyi hivyo. Saa ya Waswahili huanza kuhesabu usiku jua linapotua. Saa moja ni saa moja usiku, na saa mbili ni saa mbili usiku. Katika nyumba nyingi za Shinyanga, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya nchi, ugali wa mwisho wa siku huliwa baina ya saa mbili na saa tatu usiku. Mwananchi akiambiwa na mhudumu wa afya kwamba kuna ugonjwa uitwao "kula usiku", atajibu kwa haki kabisa kwamba hajapata kula wakati mwingine tangu azaliwe. Istilahi inayoliingiza taifa zima katika orodha ya wagonjwa haijafanya kazi yake.

Si kwamba lugha yetu ina upungufu wa maneno ya vyakula na nyakati zake. Kinyume chake, ina hazina ambayo waandishi wa siku hizi wameisahau. Makamusi yametuhifadhia chamshakinywa, chamcha na chajio, yaani vyakula vya asubuhi, mchana na jioni. Ni maneno mafupi na mazuri, na inasikitisha kwamba ofisini tunaandika "chakula cha jioni" kwa maneno matatu na hali "chajio" limekaa bure. Kuna kiporo na mwiku, chakula kilicholala kikaliwa asubuhi. Na kuna daku, mlo wa usiku wa manane katika mwezi wa Ramadhani. Hata neno "manane" lenyewe linatokana na nane: ni ule wakati wa saa nane za usiku, kijiji kinapokuwa kimya.

Wako waliodhani kwamba daku lingeweza kupanuliwa maana ili libebe dhana hii mpya, kwa kuwa tayari linataja kula katika saa hizo. Nadhani hilo lingekuwa kosa kubwa. Daku ni mlo wa ibada na wa nia: watu wa nyumba nzima huamka pamoja, hula kwa kuwa kesho watafunga, na mwezi ukiandama hurudia desturi yao ya kawaida. Hakuna hata sifa moja ya ugonjwa hapo. Kulichukua neno la ibada na kulifanya jina la maradhi ni kuwatukana wenye neno lao, na pia ni kumpotosha daktari. Faida ya daku katika mjadala huu ni nyingine: linatuthibitishia kwamba Waswahili walikwisha kutambua kwamba kula usiku wa manane ni jambo la pekee linalostahili jina, na kwamba jina hilo lilifungamanishwa na sababu ya kula pamoja na saa yake.

Sababu ya pili ya kula usiku katika nchi hii ni kazi, na hapa ndipo ukanda wa madini unapotufundisha. Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya 1930 mgodi mkubwa ulifunguliwa huko ukafanya kazi mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, katika mkoa wa Shinyanga, na mji mzima ukaota mahali palipokuwa mbuga. Baadaye sana, kuanzia mwaka 2000, machimbo makubwa ya kisasa yalianza Geita, na mwaka uliofuata Bulyanhulu, upande wa Kahama. Pembeni mwa makampuni hayo kulikuwa na kungali na wachimbaji wadogo kwa maelfu, wenye maduara yao na mialo yao.

Migodi ilileta maneno yake. La kwanza ni posho. Leo mtumishi wa serikali akisikia "posho" huwaza fedha za safari. Lakini zamani posho ilikuwa mgao wa nafaka, kibaba kwa kibaba, aliopewa mpagazi katika msafara na baadaye kibarua wa shamba au wa mgodi. (Kwa jirani zetu wa Uganda neno hilo limebaki chakulani: huko posho ndio ugali wenyewe.) Mwenye kupewa posho hakuchagua ale nini, na mara nyingi hakuchagua ale saa ngapi. Neno la pili ni zamu, ambalo kwa asili ni kupokezana ulinzi au kazi. Mgodini watu husema zaidi "shifti", na sioni sababu ya kuwazuia. Ila katika maandishi rasmi "zamu ya usiku" hutosha na hueleweka na wote.

Mtu wa zamu ya usiku hula usiku kwa kuwa usiku ndio mchana wake. Shimoni jua halionekani, na taa inayowaka saa nane ya usiku ni ile ile iliyowaka saa nane ya mchana. Mama ntilie wa machimboni analijua hilo kuliko tabibu: huinjika sufuria zake kwa kufuata zamu. Mchimbaji huyo akitoka asubuhi hana hamu ya uji, anataka kulala. Akiulizwa maswali ya Stunkard kama yalivyo, atajibu "ndiyo" kwa yote matatu: asubuhi hali, usiku hula sana, na usingizi wake umevurugika. Lakini si mgonjwa wa maradhi tunayoyasema. Lile sharti la mabadiliko ya saa za kulala linamwondoa. Yaweza kuwa zamu za usiku zinamletea madhara mengine ya mwili, nayo yapaswa kushughulikiwa kwa jina lake. Lakini kijitabu cha afya kinachomwambia mchimbaji "usile usiku" kinamtaka ashuke shimoni na njaa.

Njaa nayo ina historia yake. Shinyanga ni nchi ya mvua chache, na wazee wake huhesabu miaka kwa kutaja ukame. Ndiyo maana Wasukuma walikuza ustadi wa kukausha viazi vitamu wakapata michembe na matobolwa, vyakula vya akiba vinavyokaa ghalani muda mrefu. Katika upungufu mkubwa wa chakula wa miaka ya 1974 na 1975 neno "njaa" lilikuwa katika kila taarifa ya habari nchini. Kwa Kiswahili njaa ni hali ya tumbo la mtu mmoja na pia ni msiba wa wilaya nzima. Kwa hiyo pendekezo la "njaa ya usiku", ingawa linasikika vizuri, halifai. Mtu aliyelala njaa akaamka usiku kutafuta kiazi ghalani hana sindromu yoyote, amekosa chajio. Mhudumu wa afya anayetumia istilahi hiyo katika wilaya yenye ukame ataleta mchafuko katika takwimu zake mwenyewe.

Sasa nifikie jambo zito zaidi, ambalo laiti lisingekuwapo makala haya yangekuwa mafupi. Katika simulizi za jamii nyingi za Afrika Mashariki mchawi ni mtu anayekula usiku. Husemwa kwamba hutoka wengine wakiwa wamelala, na kwamba anachokula si ugali. Usukumani imani hiyo, iitwayo bulogi, haikubaki katika hadithi. Kwa miongo kadhaa wazee, na hasa wanawake vikongwe, wameuawa katika Shinyanga, Mwanza na sehemu za jirani kwa kushukiwa uchawi, na moja ya alama zilizotajwa dhidi yao ilikuwa macho mekundu. Watafiti na viongozi wamekwisha kueleza mara nyingi kwamba macho hayo ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, wala haikuzuia mauaji hayo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mikoa hiyo ya Shinyanga na Tabora walizuka sungusungu, walinzi wa vijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe. Kazi yao iliwataka wamwulize kila aonekanaye nje usiku anatafuta nini.

Tafakari basi bibi mzee, mjane, asiyepata usingizi. Huamka saa nane, huwasha moto, hujipikia kidogo, hula peke yake. Asiyelala vizuri huamka na macho mekundu hata kama hakupika. Kisha mhudumu wa zahanati, kwa nia njema, amwandikie katika kadi jina la ugonjwa wake, na jina hilo lisomwe na mjukuu au jirani: "mlaji wa usiku". Sisemi kwamba jambo hilo limetokea. Nasema kwamba mwenye kutunga istilahi kwa nchi nzima hana ruhusa ya kusahau mahali istilahi yake itakaposomwa.

Tatizo hapa ni la sarufi pia. Kiswahili hupenda kumgeuza mtu kuwa jina la hali yake: mlevi, mlafi, mchawi. Kwa wenye ulemavu tulikwenda mbali zaidi tukawatia katika ngeli ya vitu, tukasema kipofu, kiziwi, kilema. Ukanda huu huu wa ziwa umetufundisha gharama yake. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na machimbo ya dhahabu yalitajwa miongoni mwa mahali imani hiyo ilipokuwa na wateja. Katika kupambana na uovu huo lugha rasmi iliacha neno "zeruzeru" ikashika "mtu mwenye ualbino". Wako waliolalamika kwamba maneno matatu ni mengi kuliko moja. Ni kweli ni mengi. Lakini katika hayo matatu mtu hutajwa kwanza na hali yake baadaye, na zeruzeru halikufanya hivyo.

Kuhusu neno "sindromu" lenyewe, tuna mfano karibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara ya magendo ya mpakani, na jina hilo lilieneza aibu kuliko maarifa. Istilahi ilipotungwa ilisemwa "ukosefu wa kinga mwilini", kisha ikarekebishwa kuwa "upungufu", kwa kuwa kinga haitoweki kwa siku moja. Katika jina la Kiingereza sindromu imo. Katika la Kiswahili haimo, na hakuna mgonjwa aliyekosa tiba kwa sababu hiyo. Natoa fundisho moja: sindromu, yaani kundi la dalili zinazoandamana, ni neno la lazima katika kitabu cha mwanafunzi wa udaktari, lakini si lazima liingie katika kila jina litakalotamkwa zahanati. Hapo neno "tatizo" linatosha.

Limebaki jina lenyewe. "Ulafi wa usiku" nimelisikia na nalikataa bila kusita: ulafi ni tabia ya kulaumiwa, na wagonjwa hawa aghalabu hawali karamu bali vipande, kipande cha mkate, kiazi, kijiko cha wali uliobaki, kisha kingine baada ya saa moja. Kwa ulaji wa namna hiyo Kiswahili kina umbo lililo tayari, nalo ni kurudufu kitenzi. Anayetembeatembea hana safari. Anayesemasema hana hotuba. Na anayekulakula halii mlo, bali hudonoa bila mpango na bila kushiba. Napendekeza basi "tatizo la kulakula usiku", na kwa mwenye nalo, "mtu mwenye tatizo la kulakula usiku". Daku haliingii humo, wala chajio, wala mlo wa zamu, kwa kuwa yote hayo ni milo kamili yenye wakati na sababu. Tena neno hilo halina ukali. Mama humwambia mtoto wake "acha kulakula" bila kumtukana.

Jina likishapatikana, maelezo ya tiba huandikika kwa Kiswahili chepesi. Mganga aulize kwanza habari za zamu, kisukari, vidonda vya tumbo na dawa anazotumia mgonjwa. Aulize pia habari za sonona, kwani mara nyingi hufuatana na hali hii. Mgonjwa aandike kwa majuma kadhaa kumbukumbu za mlo na usingizi: alikula nini, saa ngapi, aliamka mara ngapi. Chakula cha mchana na cha asubuhi kirudishwe kidogo kidogo, hata kama hamu haipo. Tiba ya mazungumzo humsaidia kuivunja ile imani kwamba bila kula hatalala, na mazoezi ya kulegeza misuli kabla ya kulala yameonekana kufaa. Kuna pia dawa. Sertralini, mojawapo ya dawa za sonona, ilijaribiwa nchini Marekani kwa wagonjwa 34 muda wa wiki nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba iliwasaidia wengi zaidi kuliko kidonge kisicho na dawa. Hiyo ni kazi ya daktari kuamua. Mwalimu na mfasiri wasiandike tu "mgonjwa aache kula usiku", kwa maana kama angeweza kuacha kwa kuambiwa asingekuwa mgonjwa.

Kuna hali jirani ambayo ni lazima itengwe katika orodha ya istilahi. Ni ile ya mtu anayeamka akala huku fahamu zake zimelala. Asubuhi hakumbuki lolote, hushangaa kukuta sufuria tupu, na yaweza kuwa ametia kinywani hata kitu kisicholika. Hali hiyo huhesabiwa miongoni mwa matatizo ya usingizi, na tiba yake ni nyingine. Kwa hiyo naweka mbele ya wasomaji "kula usingizini" kwa hali hiyo ya pili. Maneno yote mawili yajaribiwe kwanza katika zahanati za Kahama, Kishapu na Geita, na wahudumu wa huko waseme wananchi wanayapokeaje, kabla hayajaingizwa katika orodha yoyote ya istilahi sanifu.